Gari Linapotetemeka na Kutoa Moshi Baada ya Kubadilishiwa Kichujio cha Hewa

Miongoni mwa mabadiliko yanayopendwa na wenye magari madogo ni kuondoa kasha la kichujio cha hewa lililokuja na gari na kufunga mahali pake kichujio cha wazi chenye umbo la koni, pamoja na bomba jipya la alumini linalong'aa. Kazi yenyewe haichukui muda mrefu, sauti ya injini hubadilika papo hapo, na muuzaji huahidi nguvu zaidi kwa mafuta kidogo zaidi. Wako wanaoondoka gereji wakiwa wameridhika na kubaki hivyo. Wako pia ambao, baada ya siku mbili tatu, huona kwamba gari likisimama kwenye taa za barabarani linatetemeka, mshale wa mizunguko unapanda na kushuka, na bomba la moshi linatoa moshi ambao haukuwapo.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya kundi hilo la pili. Hayakusudii kumfanya msomaji kuwa fundi, bali kumwezesha kuzungumza na fundi akijua ni kitu gani kiliguswa, kipi kipimwe kwanza na kipi asikubali kukilipia kabla hakijapimwa. Tatizo hili mara nyingi ni jepesi kulitatua, lakini dalili zake hufanana mno na za plagi zilizochoka, koili mbovu, nozeli chafu au pampu dhaifu ya mafuta. Mteja asiyejua anaweza kuvinunua vyote hivyo, kimoja baada ya kingine, ilhali kosa ni mpira mmoja usiorudishwa mahali pake.

Hewa iliyopimwa na hewa isiyopimwa

Injini ya petroli huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa ili kuunguza gramu moja ya petroli kikamilifu. Hewa ikizidi, mlipuko ndani ya silinda hudhoofika au hukosekana kabisa, na mafundi husema injini "inamisi". Hewa ikipungua, petroli isiyoungua vizuri hutoka ikiwa moshi mweusi. Anayelinda uwiano huo ni kompyuta ya injini, ambayo mafundi wetu wengi huiita kontroo boksi, nayo haiwezi kupima petroli bila kwanza kuambiwa ni hewa kiasi gani imeingia.

Tuchukue mfano wa injini ya 1NZ-FE, yenye ujazo wa sentimita 1,496, ambayo wasomaji wengi wanaimiliki pengine bila kujua jina lake, kwa kuwa imo katika Toyota IST na Probox za lita 1.5. Katika magari hayo taarifa ya hewa hutoka kwenye sensa ndogo iliyochomekwa kwenye mfuniko wa kasha la kichujio. Ndani ya sensa mna waya mwembamba unaopashwa moto kwa umeme. Hewa inayopita huupooza waya huo, na kadiri unavyopoozwa ndivyo kompyuta inavyotambua kwamba hewa nyingi imepita.

Kasha likiondolewa, sensa hulazimika kuhamia kwenye bomba jipya, na hapo ndipo matatizo mengi huanzia. Kompyuta imefundishwa kusoma sensa hiyo ikiwa ndani ya njia yenye upana maalumu. Bomba lenye kipenyo kilichozidi kwa asilimia 10 tu lina eneo la ndani lililozidi kwa asilimia 21. Hewa ileile hupita humo polepole zaidi, na sensa huripoti pungufu kwa karibu asilimia 17. Petroli hupunguzwa kwa kiasi hichohicho. Sensa ya oksijeni iliyo kwenye bomba la moshi huligundua pengo hilo baadaye, na kompyuta hujaribu kufidia, lakini fidia yake ina mpaka. Matokeo hufanana na hayo ikiwa hewa inaingia kupitia tundu lililo baada ya sensa: hewa hiyo haikuhesabiwa, kwa hiyo haitengewi petroli.

Yako magari, yakiwamo baadhi ya Honda na Suzuki, yasiyotumia sensa ya waya. Hayo hupima shinikizo la hewa ndani ya manifoldi, na kwa sababu hiyo hewa inayovuja huhesabiwa pia. Uvujaji katika magari hayo kwa kawaida hupandisha mizunguko ya injini kuliko kuitetemesha.

Kwa nini hutetemeka gari likisimama

Mafundi huita "silensa" ile hali ya injini kujizungusha yenyewe bila dereva kukanyaga mafuta. Injini ya lita 1.5 iliyokwisha kupata moto na kutulia kwenye mizunguko 700 hivi kwa dakika huvuta takriban gramu 2 za hewa kwa sekunde. Ikikanyagwa mafuta hadi mwisho kwenye mizunguko 6,000, huvuta zaidi ya gramu 70. Sasa chukulia kwamba mpira mdogo wa vakyumu uliounganishwa na manifoldi ulichomolewa wakati wa kazi na haukurudishwa, nao unaingiza nusu gramu kwa sekunde. Kwenye silensa hiyo ni sawa na robo ya hewa yote iliyopimwa. Kwenye mwendo mkubwa haifiki hata asilimia moja.

Hesabu hiyo ndogo inampa mwenye gari kipimo asichohitaji kukilipia. Gari likitetemeka likiwa limesimama, kisha likatulia mara tu linapokanyagwa mafuta, mtu wa kushukiwa kwanza ni mpira mdogo au gasketi iliyo baada ya mlango wa hewa unaofunguliwa na pedali. Likitetemeka kwenye silensa na pia likasita au kukohoa linapopanda mlima, shaka ihamie kwenye sensa yenyewe, upana wa bomba jipya, au maungio ya bomba hilo kubwa ambayo klempu zake hazikukazwa. Mweleze fundi tofauti hiyo kwa maneno yako kabla hajafungua boneti. Fundi makini atakuuliza mwenyewe.

Kifaa cha kusoma kompyuta husaidia, mradi kisomwe kikamilifu. Pamoja na misimbo ya makosa, huonyesha fidia ya mafuta kwa asilimia. Fidia isiyozidi 10, iwe ya kuongeza au ya kupunguza, ni ya kawaida. Ikipanda kuelekea 20 au 25, injini inaingiza hewa isiyohesabiwa au sensa inadanganya. Msimbo P0171 humaanisha petroli ni pungufu kwa hewa iliyopo, na P0172 ni kinyume chake. P0102 humaanisha ishara ya sensa ya hewa ni ndogo mno, na mara nyingine sababu ni soketi yake ya umeme ambayo haikuingia sawasawa. P0301 hadi P0304 hutaja silinda inayomisi. Omba kuonyeshwa namba hizo, na uzipige picha kabla hazijafutwa.

Tahadhari moja inastahili kusemwa wazi. P0171 si ushahidi kwamba sensa ya oksijeni imekufa, ingawa wako wateja wanaouziwa sensa mpya kwa hoja hiyo. Sensa iliyotoa taarifa ya upungufu wa petroli, mara nyingi, ndiyo kwanza inafanya kazi yake.

Rudisha cha zamani kwanza

Kipimo chenye thamani kuliko vyote ni kurudisha kasha, bomba na kichujio vilivyokuja na gari, kila mpira mahali pake, kisha kuwasha injini na kuiacha ipate moto. Ndiyo sababu vifaa vya zamani havipaswi kuachwa gereji wala kuuzwa siku ya kufunga vipya. Gari likitulia, umepata jibu bila kununua spea yoyote: tatizo limo katika vifaa vipya au namna vilivyofungwa. Lisipotulia, ama kuna kitu kilichoharibiwa wakati wa kazi, ama gari lilikuwa na ugonjwa wake tangu awali na sauti mpya imekufanya ulisikilize kwa makini zaidi.

Katika hatua ya kukagua, mambo yanayotazamwa ni machache. Sensa ina mshale unaoonyesha hewa inakoelekea, na haipaswi kufungwa kinyume. Soketi yake ibofye hadi isikike. Mpira wa kupumulia unaotoka kwenye kifuniko cha juu cha injini uwe umeunganishwa na bomba la hewa baada ya sensa. Klempu zote zikazwe. Na lipo jambo linaloweza kuchekesha lakini hutokea: kitambaa kilichozibia tundu ili bolti isidondoke ndani hubaki humo, injini ikakosa pumzi na kuanza kutoa moshi mweusi.

Vichujio vya pamba vinavyooshwa na kupakwa oili vina ugonjwa wao. Oili ikipakwa kupita kiasi hupeperuka na kutua juu ya waya wa sensa, ikaufunika kama blanketi. Waya huo husafishwa kwa dawa ya kupuliza iliyotengenezwa kwa ajili ya sensa za hewa pekee, bila kuugusa kwa kidole, kitambaa au brashi, na huachwa ukauke kabla ya kurudishwa. Tazama fundi anatumia nini. Petroli na hewa ya kompresa vinaweza kuiua sensa ambayo ilihitaji dakika tano tu za usafi.

Wako pia mafundi wanaotafuta uvujaji kwa kunyunyizia petroli kwenye maungio injini ikiwa inawaka, wakisikiliza kama mizunguko itabadilika. Usikubali. Injini ya moto, cheche za umeme na mvuke wa petroli vikikutana, hasara si ya gari peke yake. Gereji yenye vifaa hupima kwa kupuliza moshi maalumu ndani ya mfumo wa hewa injini ikiwa imezimwa, na moshi hujionyesha penye tundu. Pasipo kifaa hicho, sikio la mtu mtulivu kwenye uwanja usio na kelele husikia hewa ikifyonzwa kwa mluzi mwembamba.

Ikiwa betri ilichomolewa wakati wa kazi, kompyuta inaweza kuwa imesahau mipangilio iliyojifunza, na silensa ikayumba kwa muda mfupi. Liache gari liunguruma dakika kadhaa, liendeshe kwa mwendo wa kawaida siku moja au mbili, ndipo uhukumu. Hata hivyo, taa ya injini ikiwa inawaka na kuzima mfululizo, usisubiri. Hiyo ni ishara ya kumisi kukubwa, na petroli isiyoungua inaunguzwa ndani ya katalisti, yaani kisafisha moshi kilicho kwenye bomba, ambayo huyeyuka na ni ghali kuliko kichujio ulichonunua.

Rangi ya moshi

Moshi mweusi kwenye gari la petroli ni petroli iliyozidi. Baada ya mabadiliko ya njia ya hewa, tazama sensa, kitambaa kilichosahaulika, na kwa magari ya turbo kama Subaru Forester na Impreza, tazama vali ya kuachia hewa ya turbo. Vali ya asili huirudisha hewa ndani ya bomba, kwa sababu hewa hiyo imekwisha kuhesabiwa. Ile inayofungwa kwa ajili ya mlio wake huitupa nje, wakati petroli yake imekwisha kupangwa. Ndipo gari hufuka moshi mweusi kila dereva anapobadilisha gia, na mara nyingine huzima linapokaribia kusimama. Kwenye injini ya dizeli yenye turbo, moshi mweusi unapopanda mlima huashiria mpira wa turbo uliopasuka au uliofunguka, au njia ya hewa iliyoziba.

Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Ukitokea mara baada ya kazi hii, uliza ule mpira wa kupumulia umeelekezwa wapi. Injini yoyote hutoa gesi zinazopenya kando ya pistoni, na gesi hizo zinahitaji njia ya kutoka. Bomba jipya lisilo na tundu la kupokea mpira huo huwafanya wafungaji wengine wauzibe kwa bolti. Shinikizo hujaa ndani ya injini, oili husukumwa penye sili na nyingine hufyonzwa na kuunguzwa. Likirekebishwa, moshi huweza kuendelea kwa safari kadhaa hadi oili iliyotuama iishe. Ukizidi hapo, pima kompresheni kabla ya kuzungumzia kubadilisha ringi. Na kwa haki ya mafundi isemwe: gari lenye umri mkubwa linalofuka moshi wa bluu kidogo asubuhi likiwashwa, kisha likaacha, kwa kawaida lina sili za vali zilizokauka, na kichujio kipya hakihusiki.

Mvuke mweupe mwembamba wakati wa baridi, unaotoweka injini ikipata moto, ni maji tu. Moshi mweupe mzito usiokoma, wenye harufu ya utamu, ilhali maji ya rejeta yanapungua, ni dalili ya maji kuingia ndani ya silinda. Hauletwi na kichujio cha hewa. Zima gari, usiliendeshe hadi gereji, na usikubali kuuziwa sensa kwa dalili hiyo.

Vumbi na maji

Madhara mazito zaidi ya mabadiliko haya hayaonekani wiki ya kwanza. Kichujio cha karatasi kilicho ndani ya kasha lililofungwa hukamata vumbi laini la barabara za udongo. Kichujio cha bei rahisi chenye matundu makubwa, au kizuri kisichokaza kwenye bomba, huliruhusu vumbi hilo kupita, nalo likichanganyika na oili husaga kuta za silinda na ringi kama msasa. Miezi kadhaa baadaye gari huanza kula oili na kutoa moshi wa bluu, na wakati huo hakuna tena anayekumbuka kichujio.

Kuligundua ni rahisi. Baada ya wiki chache za matumizi, ondoa kichujio na upanguse ndani ya bomba, upande wa baada ya kichujio, kwa kitambaa cheupe kisafi. Kitambaa kikitoka na vumbi, kichujio hicho hakifai kwa barabara zako, haidhuru kimeandikwa nini kwenye boksi. Wenye Land Cruiser na Hilux waliofungiwa bomba la hewa linalopanda hadi paani wafanye vivyo hivyo, wakiangalia hasa ungio lililo kwenye matairi ya mbele, ambako vumbi ni jingi na jicho halifiki.

Maji ni hatari ya mara moja. Kasha la asili huvuta hewa kutoka mahali pa juu. Koni iliyoshushwa nyuma ya bampa ili ipate hewa baridi inaweza kuvuta maji katika dimbwi ambalo jirani yako analivuka salama, na wakazi wa Dar es Salaam wanaijua Jangwani ilivyo wakati wa masika. Maji hayashindiliki kama hewa. Pistoni ikiyakuta, mkono wake hupinda. Gari likizima ndani ya maji, usijaribu kuliwasha tena hata mara moja kabla plagi hazijatolewa na silinda kukaguliwa.

Ahadi ya muuzaji na haki ya mnunuzi

Je, faida iliyoahidiwa ipo? Maabara ya Taifa ya Oak Ridge ya Marekani ilitoa mwaka 2009 matokeo ya majaribio yaliyoonyesha kwamba, kwa magari ya kisasa ya petroli yenye nozeli zinazoongozwa na kompyuta, hata kichujio kilichoziba hakikuongeza matumizi ya mafuta kwa kiasi cha kutajika. Kilichopungua ni wepesi wa gari kuchanganya mwendo. Ikiwa kuziba hakupotezi mafuta, basi kufungua hakuwezi kuyaokoa. Na koni iliyo wazi karibu na injini huvuta hewa ya moto, ambayo ni nyepesi na hupunguza nguvu. Kwa injini ndogo isiyofanyiwa marekebisho mengine, kinachonunuliwa hasa ni sauti. Anayependa sauti hiyo hana kosa, ila ajue anacholipia.

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara wenye kumpotosha mlaji. Tangazo la "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" halimwondolei muuzaji wajibu wake kwa bidhaa isiyofaa kwa kazi aliyoiuza kuifanya. Kwa hiyo, kabla ya kazi kuanza, mwombe fundi aandike kwenye karatasi ya makubaliano aina ya gari, namba ya injini, kifaa kinachofungwa, na kwamba gari litakabidhiwa likiwa limetulia kwenye silensa na taa ya injini ikiwa imezimika. Dai risiti ya kielektroniki. Piga picha ya injini kabla haijaguswa, ikionyesha kila mpira ulipo. Picha hiyo itamsaidia hata fundi mwenyewe.

Tatizo likitokea, mrudie kwanza aliyefunga, ukiwa na vifaa vya zamani na picha za misimbo, na umpe nafasi ya kurekebisha. Akikataa, au akitaka ulipie spea ambazo hakuzipima, unaweza kuwasilisha malalamiko kwa maandishi katika Tume ya Ushindani. Ambatisha risiti, makubaliano, picha na, ikiwezekana, maelezo ya fundi mwingine aliyelikagua gari baada ya vifaa vya asili kurudishwa. Kichujio chenyewe usikitupe. Kiweke ndani ya boksi lake pamoja na maandishi yote yaliyokuja nacho.